Koltani ya Masisi, bati la Walikale: bei imo ndani ya jiwe

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha uchimbaji wa bati huko Bisie, wilayani Walikale, na kuwaondoa wafanyakazi wake kwa kuwa waasi wa M23 walikuwa wakisogea. Haikuchukua muda, bei ya bati katika soko la metali la London ikapita dola 35,000 kwa tani. Mgodi huo ulio katikati ya msitu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, hutoa takriban asilimia 6 ya bati lote duniani, na mwaka 2024 ulizalisha tani zipatazo 17,300. Kazi ilianza kurejea mwezi Aprili, waasi walipoondoka mjini Walikale.

Wilaya jirani ya Masisi nayo ina uzito wake. Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa vilima vya Rubaya pekee hutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Hata hivyo, namna ya kuchimba, kuuza na kupanga bei katika wilaya hizi mbili ni mbingu na ardhi. Sehemu ya sababu ni vita na siasa. Sehemu nyingine, ambayo husemwa mara chache, ni maumbile ya jiwe lenyewe.

Tuanze na Walikale. Kasiteriti, jiwe linalotoa bati huko, ni fuwele ya bati na oksijeni, na atomi zake zimepangwa kwa mpango uleule popote ichimbwapo. Ikiwa safi kabisa, asilimia 78.8 ya uzito wake ni bati. Mnunuzi hana mengi ya kuuliza zaidi ya kiasi cha uchafu uliochanganyika nayo. Tena ni nzito: kwa ujazo uleule, uzito wake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa mawe meupe ya kwazi, hivyo maji yakipita juu ya mchanga hubeba vyepesi na kuiacha chini.

Bisie imebahatika zaidi, kwa sababu mwamba wake wa Mpama Kaskazini una bati la asilimia 4 na ushee, ilhali migodi mingi duniani haifikishi hata asilimia 1. Utajiri huo ndio uliowavuta maelfu ya wachimbaji wa mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati shirika la madini la SOMINKI lilikuwa limekwisha kusambaratika baada ya bei ya bati kuporomoka mwaka 1985. Wapagazi walibeba magunia kwa miguu kupitia msituni hadi Njingala, kisha ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara huko Kilambo kuyapeleka Goma. Utajiri huohuo ndio uliomshawishi mwekezaji kupasua barabara na kujenga mgodi wa mashine, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019.

Koltani ina tabia nyingine. Ndani yake mna metali mbili, niobi na tantali, ambazo atomi zake zinakaribia kulingana kabisa kwa ukubwa. Fuwele haibagui: ni kama kiti cha basi, yeyote anayeenea anakaa. Matokeo yake, jiwe moja linaweza kukosa tantali kabisa, na jingine la rangi ileile nyeusi likawa na oksidi ya tantali hadi asilimia 86. Soko hulipia hasa tantali. Chukua magunia mawili ya kilo 50, moja la asilimia 20 na jingine la asilimia 35. La kwanza lina kilo 10 za kitu kinacholipiwa, la pili kilo 17 na nusu. Kwa macho hayatofautiani. Mkono uliozoea unaweza kuhisi kuwa moja ni zito zaidi, lakini hisia hazimlazimishi mnunuzi kulipa.

Hapo ndipo biashara ya Rubaya inapoamuliwa. Mchimbaji huosha udongo katika mfereji wa maji hadi ubaki mchanga mweusi. Négociant, yaani mchuuzi wa kati, huukausha juu ya moto, hupitisha sumaku kuondoa chembe za chuma, huupima kwenye mzani, kisha huchota sampuli ndogo ya kupimwa kwa mashine inayoshikwa kama bastola. Mashine hiyo hupiga miale ya eksirei, na kila metali hujibu kwa mwale wake. Baada ya sekunde chache asilimia zinajitokeza kwenye kioo. Anayekisoma kioo ndiye anayetaja bei. Aliyetoka shimoni huambiwa tu. Mchanga ukifika kwenye comptoir, yaani kwa muuzaji wa nje ya nchi, hupitishwa kwenye sumaku kali zaidi, maana koltani huvutwa nayo na kasiteriti haivutwi. Mchimbaji akilipwa kwa gunia lililochanganyika madini hayo mawili, faida ya utenganishaji huo inabaki kwa mnunuzi.

Dunia inaitaka tantali kwa kazi ambayo metali chache huiweza. Huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 3,000 za Selsiasi, na unga wake ukishindiliwa na kuchomwa bila kuyeyuka huwa kama sifongo. Juu ya sifongo hiyo viwanda huotesha utando mwembamba mno wa oksidi unaozuia umeme kupita. Ndiyo kapasita iliyomo ndani ya simu na kompyuta. Utando huo hautakiwi kuwa na mpangilio wa fuwele. Ukianza kujipanga, umeme huvuja na kifaa huharibika.

Maumbile ya mwamba yanaeleza pia kwa nini Rubaya huchimbwa kwa sururu na beleshi. Miamba iliyobeba koltani ilipoa chini ya ardhi, na baada ya muda mrefu wa mvua na joto, sehemu yake kubwa ikaoza kuwa udongo mweupe laini. Ulaini huo unampa kazi mtu asiye na mtaji. Ndio pia unaomfukia mvua inaponyesha. Mwishoni mwa Januari 2026 mashimo yaliporomoka, na maafisa waliowekwa na M23 wakasema waliokufa walizidi 200.

M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kundi hilo linakusanya angalau dola 800,000 kila mwezi kutokana na koltani, na kwamba tani zipatazo 120 kwa mwezi zilivushwa kwenda Rwanda, madai ambayo Kigali huyakana. Februari 2025 serikali ya Kinshasa iliyaweka machimbo ya eneo hilo katika orodha nyekundu, yaani madini yake hayaruhusiwi kuuzwa. Lakini orodha huandikwa kwenye karatasi, na lebo za kufuatilia asili ya madini hufungwa kwenye gunia. Gunia hubadilishwa.

Kisichobadilika kirahisi ni fuwele. Inapojijenga hunasa chembe za urani na metali nyingine kwa kiwango cha mahali ilipozaliwa, na kutokana nazo umri wake hupimika. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, imetumia sifa hizo kutengeneza njia ya kulinganisha sampuli ya koltani na machimbo inakodaiwa kutoka, na nchi za Maziwa Makuu zimeipokea kama nyongeza ya cheti chao cha madini. Mizigo ikichanganywa kazi inakuwa ngumu, lakini njia hiyo inazidi lebo ya plastiki kwa mbali.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kivu Kaskazini imeuza madini kwa miongo mingi huku vipimo vikiwa mikononi mwa mnunuzi. Amani ndiyo sharti la kwanza, na haitaletwa na maabara. Lakini siku njia zitakapofunguka, vyama vya ushirika vya wachimbaji na serikali ya mkoa wadai mambo mawili kabla ya yote: mashine ya kupimia iliyo mali ya ushirika, na karatasi ya matokeo apewe mchimbaji kabla bei haijatajwa. Bila hayo, ataendelea kuuza asichokijua kwa anayekijua.