Sotoka na Surua: Kwa Nini Watoto Wote Wachanjwe

Maneno yetu ya leo ni juu ya chanjo, nasi twawaelekea hasa ninyi wakulima na wafugaji wa Ganako, Karatu na Ngorongoro, maana jambo hili mwalijua tangu zamani kwa ng'ombe wenu.

Mwaka 1892 msafiri mmoja wa Austria, Oscar Baumann, alifika Ngorongoro akawakuta Wamasai wakiteswa na njaa kuu. Sotoka ilikuwa imepita. Iliua ng'ombe, nyati na nyumbu, na watu waliotegemea maziwa wakakosa chakula.

Je, sotoka ilishindwaje? Huko Muguga, Kenya, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walivikuza vijidudu vya sotoka nje ya mwili wa mnyama, mara nyingi mfululizo, hata vikapoteza ukali wao. Ng'ombe aliyechanjwa kwa vijidudu hivyo hakuugua, lakini mwili wake ulijifunza kumtambua adui. Akija adui mwenyewe, askari wa mwili wako tayari.

Sasa tazameni ajabu. Waliochanjwa ni ng'ombe, wala si nyumbu. Hata hivyo nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961, walipita 1,000,000 mwaka 1977. Sababu ni kwamba ugonjwa ulitoka kwa ng'ombe. Ulipokosa makao kwao, ulikosa na njia ya kuwafikia nyumbu. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Surua ya watoto ni ndugu wa sotoka. Vijidudu vyao ni vya ukoo mmoja. Lakini surua haijakwisha. Huenea kwa pumzi na kikohozi, nayo huweza kuleta kichomi, upofu na mauti. Mtoto mchanga kwa kawaida hachanjwi surua kabla ya miezi 9, kwa kuwa kinga aliyopata kwa mama yake huweza kuizuia dawa. Na kinga hiyo nayo hupungua siku kwa siku. Basi mtoto huyo ni kama wale nyumbu: ulinzi wake ni kuchanjwa kwa wenzake. Ili surua ikose njia, yapasa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili.

Katika Tanzania mara ya kwanza ni miezi 9, na ya pili ni miezi 18. Msiiache ile ya pili, maana wako watoto ambao mara moja haiwatoshi. Baada ya kama juma moja mtoto huweza kupata homa au vipele vichache. Hayo hupita upesi, wala hayafanani na surua yenyewe.

Ewe mzazi, itazame kadi ya mwanao. Ikiwa siku imempita, mpeleke vivyo hivyo zahanati. Mwenye ng'ombe hamwachi ndama mmoja zizini bila chanjo; na mtoto ni zaidi ya ndama.