Kabla ya India, Siku Kumi

Chupa moja ya chanjo ya homa ya manjano hutosha watu kumi. Ndani yake mna unga mkavu unaohifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, na hautumiki mpaka utiwe maji yake maalumu. Ukishatiwa maji, saa sita zinaanza kuhesabika. Zikiisha, kilichobaki humwagwa, hata kama aliyedungwa ni mmoja tu na tisa hawakutokea.

Ndiyo sababu muuguzi niliyemkuta kwenye kituo kimoja cha chanjo za wasafiri mjini Mombasa hulitazama benchi kwanza, akahesabu vichwa, kabla hajaifungua chupa. Nilikuwa nimemwendea kwa habari za wagonjwa wetu wanaokwenda India kutibiwa: viza, barua, pesa, malazi. Hayo nitayasema. Lakini sikuweza kuliacha benchi lile.

“Leo wako saba,” aliniambia. Hakutaka jina lake liandikwe, na kila aliyeingia alimwita Sista. “Nikifungua sasa, dozi tatu huenda zikamwagika. Nikingoja watimie, yule mama wa mwisho atachelewa, na ndege yake ni Jumamosi. Leo ni Jumatano. Tatizo ni kwamba hata nikimdunga dakika hii, Jumamosi kadi yake haitakuwa kadi bado.”

Kadi ya njano, kama wengi tunavyoiita, huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano. Hivyo ndivyo Kanuni za Afya za Kimataifa zinavyosema, na zinaifunga Kenya na India pia. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, akatua India bila kadi iliyokwisha kuanza kazi, anaweza kutengwa hadi siku sita. Kwa mtalii ni hasara ya likizo. Kwa mgonjwa wa moyo aliyepangiwa tarehe ya upasuaji, ni mambo mengine kabisa.

“Watu hudhani ni maringo ya maafisa,” Sista alisema. “Hapana. Kumi ni za mwili kujijengea kinga, hakuna daktari anayeweza kuuharakisha. Sita ni za ugonjwa kujitokeza, kwa sababu aliyeumwa na mbu mwenye virusi huanza kuugua kati ya siku ya tatu na ya sita. Mtu ameuza kiwanja, ndugu wamechanga, harambee imefanywa msikitini au kanisani, halafu tarehe ya tiketi inachaguliwa kwa sababu siku hiyo nauli ilikuwa nafuu. Mimi nakuja kuulizwa mwisho. Naulizwa, Sista, huwezi kurudisha tarehe nyuma kidogo?”

Huulizwa hivyo mara nyingi, na harudishi. Alinionyesha anavyoijaza kadi, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Huanza na jina, kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mohamed mwenye “m” moja asije akawa Mohammed mwenye mbili. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia, nambari ya pasipoti. Kisha msafiri mwenyewe anatia sahihi. Ndipo unapokuja mstari wa chanjo: jina la ugonjwa, tarehe ya sindano, sahihi ya mchanjaji, mtengenezaji wa chanjo na nambari ya toleo iliyo kwenye chupa, siku ambayo kadi inaanza kutambulika, na muhuri wa kituo. Mwezi huandikwa kwa herufi. “Ukiandika tano mkwaju sita, huyu atasoma tarehe tano Juni, yule atasoma Mei sita. Kwenye dirisha la uwanja wa ndege hakuna wa kukutetea.” Sahihi lazima iandikwe kwa mkono, muhuri peke yake hautoshi. Na mahali popote pakifutwa, pakikatwa au pakiachwa wazi, kadi nzima inaweza kukataliwa. Nilimwona akikosea tarakimu moja ya pasipoti ya mzee mmoja. Hakufuta. Aliiweka kadi ile kando, akachukua nyingine, akaanza upya na jina, na mzee akangoja bila kunung’unika.

Kila mtu ana kadi yake, mtoto naye ana yake. Lakini jambo moja linastahili kusemwa kwa sauti, maana watu wangali wanatiwa wasiwasi bure: tangu Julai 11, 2016, kadi ya homa ya manjano haiishi muda. Hata ile ya zamani iliyoandikwa kuwa ni ya miaka kumi inahesabiwa kuwa ya maisha. Aliyechanjwa zamani na kadi anayo hana haja ya sindano ya pili ili aingie India.

Kwa nini India hasa ikaze hivi? Homa ya manjano haijawahi kuenea huko. Lakini mbu anayeibeba, Aedes aegypti, yuko kwa wingi, na kila mwaka huwapa watu dengi. Wataalamu wamejiuliza kwa miongo mingi ugonjwa huu umezuiwa na nini usivuke bahari, na hawajaafikiana. Nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja ambao miili yao haiujui haiwezi kutegemea bahati.

Na sisi wa pwani hatuna haki ya kuwaona waoga. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, kisha hapa Mombasa. Mwaka uliofuata ilikuwa Komoro na Réunion. Haukupita muda ikawa India, ambako zaidi ya watu milioni moja walihesabiwa kuwa washukiwa wa ugonjwa huo mwaka 2006. Njia ile ambayo majahazi yalibebea boriti na nguo, virusi vilipita pia, na kule India mbu aliyevipokea zaidi alikuwa ni yuleyule wa kwenye mapipa na madumu yetu ya maji.

Hata hivyo kuna jambo linalonikera. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limeiweka Mombasa, pamoja na Nairobi, katika sehemu za Kenya ambazo mgeni anayeishia humo tu kwa kawaida hashauriwi kuchanjwa, kwa kuwa hatari ni ndogo. Milipuko tunayoikumbuka ilikuwa mbali: bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993, Isiolo mwaka 2022. Mgeni wa Mombasa haambiwi achanjwe, ila mwenyeji wa Mombasa akisafiri anaulizwa kadi. Sista aliliona swali langu kuwa la mtu mwenye nafasi. “Virusi havisomi ramani ya kaunti, na afisa wa kule hawezi kujua mwezi jana ulikuwa Likoni au Baringo.” Anasema kweli, ila bado sijaridhika.

Linalomuumiza yeye ni jingine. Chanjo hii, iliyotoka kwenye maabara ya Max Theiler mwaka 1937 na kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1951, ni virusi hai vilivyodhoofishwa na kukuzwa kwenye mayai ya kuku. Mwili wenye nguvu huvimudu. Mwili uliochoshwa na dawa za saratani, au wa mtu aliyebadilishiwa figo, au mwenye kinga iliyoshuka sana kwa sababu ya VVU, huenda usivimudu. Mwenye mzio mkali wa mayai hadungwi. Mtoto wa chini ya miezi tisa kwa kawaida hadungwi. Aliyepita miaka 60 na mjamzito lazima daktari apime kwanza. Tazama basi ni nani wanaopanda ndege kwenda Chennai, Hyderabad na New Delhi: wengi ni haohao.

“Anakuja kijana wa saratani ya damu, ameshikwa mkono na babake. Sindano ndiyo ruhusa yake ya kuingia, na sindano yenyewe simpi. Namrudisha kwa daktari wake aandike barua ya kueleza kwa nini hachanjwi, kwa Kiingereza, yenye sahihi na muhuri.” Kanuni zinamtaka afisa wa afya kule aizingatie barua hiyo, ila uamuzi unabaki wake. Anaweza kumpitisha. Anaweza kumtenga. “Wanaondoka na barua mkononi,” Sista alisema, “na wengi hawarudi kunieleza ilikuwaje.”

Mengine ya safari si mazito kama hilo. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Viza ya matibabu huombwa kwa mtandao, si chini ya siku nne kabla ya kufika, ikiambatana na barua ya hospitali itakayokupokea. Hakikisha anwani ya tovuti inaishia na gov.in, maana za bandia ni nyingi na zinatoza zaidi. Mgonjwa mmoja huruhusiwa wasindikizaji wawili kwa viza ya msindikizaji. Ukibeba zaidi ya dola 5,000 taslimu, zitangaze forodhani. Mwenye nyumba ya wageni atataka pasipoti na viza yako, mpe: sheria inamtaka akuandikishe serikalini ndani ya saa 24. Wanaokwenda kupandikizwa figo wasikate tiketi kabla karatasi za undugu na mtoaji hazijakubaliwa na ubalozi.

Barua za hospitali ambazo wagonjwa humwonyesha Sista huanza na gharama, zikafuata siku za kulazwa na majina ya wasindikizaji. Kadi ya njano, ikitajwa, huwa chini kabisa, na siku kumi hazitajwi. Mawakala wa tiketi nao huuliza pasipoti na simu. Yeye angependa mambo yaende kinyume: mtu akishaambiwa na daktari kwamba atapelekwa India, aje kwake kwanza, hata kabla ya viza, kwa kuwa viza huweza kutoka kwa siku chache na hizi kumi hazipungui.

Yule mama wa Jumamosi alidungwa, akaambiwa asogeze safari hadi wiki ya pili. Alitoka nje kumpigia simu mwanawe aulize kubadilisha tiketi ni pesa ngapi. Alikuwa ametoka Hola. Huko Hola, siku alipopewa barua ya rufaa, ni kazi ya nani kumwambia habari za siku kumi?