Sumaku ya kutibu sonona: mashine ipo, je daktari amefunzwa?

Matibabu ya ugonjwa wa sonona kwa kutumia sumaku yaliruhusiwa nchini Marekani mwezi Oktoba mwaka 2008. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo kwa huduma ya afya ya taifa, iliyakubali mwaka 2015. Lakini madaktari wengi wa magonjwa ya akili walio kazini hivi sasa walihitimu kabla ya matibabu hayo kuenea, na hawakuwahi kuishika mashine hiyo walipokuwa vyuoni. Wanaotaka kuitumia hawana budi kurudi darasani.

Sonona si huzuni ya siku mbili tatu. Mgonjwa hukosa usingizi au hulala kupita kiasi, hupoteza hamu ya chakula na ya watu, na wengine hufikia kutaka kujiua. Dawa huwasaidia wengi, ila si wote. Utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama STAR*D, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2006, ulionyesha kuwa ni takriban theluthi moja tu ya wagonjwa waliopata nafuu kamili kwa dawa ya kwanza waliyopewa.

Kwa wale ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia, sumaku ni tumaini jingine. Ndiyo maana ni muhimu kujua nani anaiendesha.

Inavyofanya kazi

Mashine yenyewe ilianzia Sheffield, Uingereza, ambako mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake walifanikiwa kuuamsha ubongo wa mtu kwa sumaku bila kupasua fuvu. Koili ya waya huwekwa juu ya kichwa na kupitishiwa umeme kwa kasi kubwa. Umeme huo huzalisha sumaku, na sumaku nayo huzalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya ubongo, kina cha sentimita mbili au tatu hivi. Seli za neva za mahali hapo huamka.

Mwaka 1995, Dakta Mark George na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi mapigo ya sumaku ya kila siku yalivyobadili hali za wagonjwa 6 wa sonona. Tafiti kubwa zaidi zikafuata.

Matibabu haya yasichanganywe na yale ya shoti ya umeme. Hapa mgonjwa hapigwi nusukaputi. Huketi kwenye kiti akiwa macho, huziba masikio kwa sababu mashine hugonga kwa sauti kali, na akimaliza anaweza kurudi kazini. Hufanya hivyo siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki nne hadi sita.

Kinachofundishwa

Somo la kwanza ni la kupima nguvu. Mwanafunzi hutafuta sehemu ya ubongo inayoamrisha mkono, kisha hupunguza nguvu ya mashine hadi apate kiwango cha chini kabisa ambacho, katika mapigo 10, dole gumba hushtuka angalau mara 5. Kiwango hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu, na ndicho kinachoamua kipimo cha tiba. Akikikosea, mgonjwa atapata tiba hafifu au atazidishiwa.

Somo la pili ni la kulenga. Sehemu inayotibiwa iko mbele ya ubongo, mara nyingi upande wa kushoto, na haioneki kwa macho. Zamani madaktari walipima tu sentimita 5 mbele ya sehemu ya mkono. Watafiti wa Ujerumani walipoihakiki njia hiyo mwaka 2001 kwa picha za MRI, waligundua kuwa koili ilikuwa mahali palipokusudiwa kwa watu 7 tu kati ya 22. Siku hizi madaktari hufundishwa kupima kichwa cha kila mgonjwa kwa utepe, au kutumia picha za ubongo wake mwenyewe. Mgonjwa aliyelengwa vibaya anaweza kumaliza wiki sita na kuambiwa kuwa hata sumaku imeshindwa.

Somo la tatu ni la usalama. Hatari kubwa ni mshtuko wa kifafa, ambao ni nadra lakini hutokea. Kwa hiyo kila siku kabla ya kuwasha mashine mgonjwa huulizwa: Je, umelala vizuri? Umekunywa pombe? Umebadilishiwa dawa? Mwenye chuma ndani ya kichwa au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni hawekewi koili ya kawaida. Aidha, wahudumu wote hufundishwa la kufanya mgonjwa akianguka.

Vituo kama Berenson-Allen mjini Boston na Chuo Kikuu cha Tiba cha South Carolina mjini Charleston vimekuwa vikitoa kozi za siku chache, zenye mihadhara na mazoezi ya mikono. Mwaka 2021, kamati ya shirikisho la kimataifa la wataalamu wa fiziolojia ya neva ilitoa mapendekezo ya mafunzo hayo, ikiwatofautisha mafundi, matabibu na watafiti.

Haja ya mafunzo imezidi kukua. Mwaka 2018 utafiti uliofanyika Canada kwa wagonjwa 414 ulionyesha kuwa mapigo ya dakika 3 hayazidiwi na yale ya dakika 37 na nusu. Maana yake ni kwamba mashine moja sasa inaweza kuhudumia watu wengi zaidi kwa siku, mradi wapo wanaojua kuitumia.

Kwa bara la Afrika, ambako Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa kuna daktari mmoja wa akili kwa kila watu 500,000, kununua mashine pekee hakutoshi.

Kwa ndugu zetu walioko ughaibuni wanaoshauriwa kutumia tiba hii, si utovu wa adabu kumuuliza daktari: Ulijifunza wapi? Ni nani atakayepima kiwango changu? Mtapataje mahali pa kulenga? Na nikipata kifafa, ni nani atakuwepo chumbani? Daktari aliyefunzwa atakuwa na majibu ya maswali hayo.