Omena Zinarudi Agosti, Lakini Wasee wa Sio Port Wacheki Mwezi Kwanza

Kama uko na beshte kule Funyula ambaye amekuwa akikukopa soo mbili mbili tangu Aprili, usimblock bado. Omena zinafunguliwa Agosti 1.

Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, kuvua omena upande wa Kenya wa Ziwa Victoria huwa ni marufuku, ndio hizo samaki zipate nafasi ya kuzaana na kukua. Mbuta na ngege bado unaweza kuvua, bora mbuta isiwe chini ya sentimita 50. Lakini nyavu za omena ni za omena tu, so msee ambaye hana ndoano wala nyavu zingine hubaki kupiga boda ama kushinda ufuoni akishona nyavu. Miezi minne bila ganji si mchezo.

Sasa hapa ndio wengi hujichoma. Msee anakopa doo ya mafuta, anaingia maji usiku wa kwanza na mbio, anarudi na ndoo nusu. Shida ni mwezi.

Omena huvuliwa usiku na taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni sola. Taa inaelea juu ya maji, wadudu wanafuata mwangaza, omena zinafuata wadudu, halafu nyavu inazungushwa. Kukiwa na mbalamwezi, ziwa lote liko na mwangaza na taa yako haina maana. Mwaka huu wa 2026 mwezi unakuwa mpevu Julai 29, siku tatu tu kabla ya kufunguliwa. Kwa hivyo usiku wa Agosti 1 utapata kama masaa mawili hivi ya giza, halafu mwezi unatokea. Kuanzia Agosti 6 unachomoka usiku wa manane, na Agosti 12 hakuna mwezi kabisa. Hiyo wiki ndio ya kuweka mafuta. Agosti 28 unajaa tena, hapo unaweza kulala kwako.

Ingine ni mpaka, na hii ni noma. Kenya iko na kama asilimia 6 tu ya ziwa. Uganda iko na 43, Tanzania 51. Ukitoka Sio Port hauendi mbali kabla hujaingia maji ya Museveni, na mwaka wa 2017 jeshi la Uganda lilianza kupiga doria huko. Ukishikwa, boti na injini zinaweza kwenda, na saa zingine injini yenyewe ni ya mkopo. Usiku hakuna laini imechorwa majini, manze. Simu yenye GPS ni rahisi kuliko injini.

Kwa wale wa Busia na Malaba mnanunua ya kuuza: msiangalie bei ya gorogoro pekee. Omena hukaushwa na jua, na mvua ikinyesha kabla zikauke, zinaharibika na kuishia kwa chakula ya kuku. Chota mkono mmoja uangalie. Nzuri inang'aa silva, imekauka na haina mchanga. Ikiwa imegeuka manjano na inanuka mafuta ya kale, hiyo ni ya kuku, na usilipe bei ya watu.