Keti Kwanza Kabla ya Kupanda Sanje



Injili ya leo, Dominika ya 23 ya Mwaka C, inatuletea mtu anayetaka kujenga mnara na mfalme anayetaka kwenda vitani (Lk 14:25-33). Funzo lao ni moja: keti kwanza, piga hesabu. Najua waliosoma Maandiko watanikumbusha kwamba Bwana hapa hafundishi bajeti, bali anawaeleza makutano gharama ya kumfuata. Ni kweli. Lakini alichagua mfano huo kwa sababu wasikilizaji wake waliijua aibu ya msingi uliochimbwa ukaachwa uote majani. Sisi wa bonde la Kilombero tunaijua pia. Misingi ya namna hiyo tunayo, na mingine ni ya makanisa.

Leo tuutumie mfano huo kwa jambo dogo. Msimu huu mpunga umeshavunwa, barabara ni kavu, na vijana wa vigango vyetu hupenda kusafiri. Tuseme wewe ni katibu wa vijana kule Lupiro, na kikao kimeamua: tunakwenda Udzungwa kuona maporomoko ya Sanje. Makofi yamepigwa. Sasa mnabishana kuhusu fulana, rangi gani na maandishi gani mgongoni. Nakuomba uziweke fulana pembeni kidogo.

Anza na njia. Kutoka Lupiro hadi Ifakara ni kama kilomita 30, na mto Kilombero mtauvuka kwa daraja lenye jina la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018. Waulizeni wazazi wenu habari za kivuko cha zamani, mtajua kwa nini wengine bado wanafanya ishara ya msalaba wakifika pale. Kutoka Ifakara zinabaki kama kilomita 50 hadi Mang'ula, yaliko makao makuu ya hifadhi, kisha mnasogea mbele kidogo hadi kijiji cha Sanje. Mtu atasema kuna mfanyabiashara wa mpunga mwenye lori, atawabeba kwa bei ya mafuta tu. Katibu, kataa. Lori ni la magunia. Kwaya kuimba juu ya lori kunapendeza mpaka tairi linapopasuka. Kama fedha ya basi dogo haipo, safari isogezwe mbele, na hakuna atakayewacheka kwa hilo.

Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina kilomita za mraba 1,990. Mwananchi hulipa kiingilio kwa shilingi, na huwezi kupanda bila mwongozaji. Malipo ya serikali siku hizi hayapokelewi mkononi, unapewa namba ya malipo. Kwa hiyo fedha iwe imekusanywa kabla, isiwe ya kuchangishana getini huku mwongozaji anasubiri. Maporomoko yenyewe yako matatu yanayofuatana, jumla kama mita 170, na kupanda na kushuka huchukua saa nne hivi. Mkiondoka Lupiro saa 11 alfajiri mtaanza kupanda asubuhi, kabla jua la bondeni halijawa kali. Kandambili zibaki nyumbani. Vyakula viwe kwenye vikapu na vyombo vyenye mifuniko, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019, na ndani ya hifadhi hawana mzaha.

Kuna wanaouona mwongozaji kama gharama ya bure. Kijana wa Lupiro anasema, mimi nimezaliwa hapa hapa, niongozwe msituni nina nini? Basi sikiliza. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa wakizunguka katika msitu huo walisikia sauti ya mnyama wasiyemjua. Mwenyeji aliyekuwa anawaongoza alimjua, na jina lake alilijua. Kumbe alikuwa aina ya kima ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika popote, na leo anajulikana duniani kwa jina la Sanje. Wasomi walikuwa na shahada zao, lakini aliyejua kilicho juu ya mti ni yule anayeishi chini yake. Mlipeni mwongozaji, na akisema jiwe hili linateleza, msilikanyage. Vidimbwi vya pale vina maji safi ya baridi, na kila kundi lina kijana mmoja anayetaka kuruka toka juu ili aonekane. Unamfahamu wa kundi lako. Ongea naye mapema, tena pembeni.

Hayo yote ni mepesi. Kigumu ni orodha ya majina.

Mkishapanga mchango, tuseme kila mmoja atoe kiasi fulani kabla ya mwisho wa mwezi, majina yataanza kupungua. Angalia vizuri wanaojitoa wanasema nini. Mmoja atasema ana kazi shambani. Mwingine bibi yake anaumwa. Mwingine atasema tu kwamba hapendi milima. Katika miaka yangu ya upadre sijamsikia hata mmoja akisimama kikaoni aseme, sina fedha. Umaskini wetu una adabu nyingi mno, unatafuta sababu nyingine ya kuvaa. Katibu asiyejua hilo ataandika kwenye taarifa yake kwamba vijana 12 hawakuwa na mwamko.

Halafu kuna yule anayetembea na fimbo. Karibu kila kigango anaye. Yumo kwenye kwaya, hakosi mazoezi, na mchango wake ameleta wa kwanza. Atakapotajwa, kikao kitanyamaza, kisha mtu mwenye nia njema atasema: yeye atabaki kwenye gari atutunzie mizigo. Na yeye mwenyewe atacheka na kukubali haraka, ili msipate shida.

Hapo ndipo ninapotaka uketi, ndugu yangu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Yakobo anakutana na Esau baada ya miaka mingi. Wamekumbatiana, wamelia, na Esau anasema twende pamoja. Yakobo anajibu kwamba ana watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha. Wakikimbizwa hata siku moja tu, kundi litakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto na mifugo iliyo mbele yake. (Tunamjua Yakobo, huenda alikuwa na sababu nyingine pia ya kutotaka kuongozana na kaka yake. Hata hivyo alilosema ni sahihi.) Alikuwa na watumishi na mali, na angeweza kuwatanguliza wenye nguvu. Badala yake aliuliza kwanza nani ana mwendo mdogo kuliko wote, kisha safari nzima akaipima kwa miguu ya huyo.

Ukiipanga Sanje kwa njia hiyo, mambo mengi yanabadilika. Pale Mang'ula, karibu na makao makuu ya hifadhi, kuna maporomoko mengine madogo yenye jina la Prince Bernhard, yule mwanamfalme wa Uholanzi. Njia yake ni fupi, kilomita moja hivi. Watu wengi huipita kwa dharau kwa sababu haina picha ya kutisha. Mngeweza kuanzia hapo nyote, kwa mwendo wa fimbo, mkasali pamoja mbele ya maji, mkala pamoja. Baadaye wenye miguu waende Sanje. Watakaobaki wabaki wakiwa wameshafika mahali, na wawe kundi, asiwe mmoja peke yake na mabegi ya wenzake. Na tafadhali, kundi hilo lisigeuke kuwa akina dada wa kupika.

Kuhusu fedha, ushauri wangu ni wa kizamani. Shamba moja la kigango, au vibarua vya siku mbili vya kupakia magunia ya mpunga, kila mmoja akatoa jasho lake, na fedha ikaingia kwenye mfuko mmoja bila majina. Siku ya safari hakuna atakayejua nani alilipiwa. Itachukua wiki nne zaidi. Mvua kubwa bado ziko mbali, nafasi mnayo.

Nina neno moja zaidi kuhusu watu wa chini ya mlima. Zamani wanavijiji walioko kandokando ya hifadhi waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Wenye hifadhi wana hoja yao, na mimi naikubali kwa sehemu kubwa, maana msitu ule ukiisha, mito inayoulisha mpunga wetu itaisha nao. Wakazi wa Ifakara wakiuona mto Lumemo wanajua Udzungwa inaweza kuleta nini, neema au mafuriko. Ila mama wa pale ndiye anayelipa sehemu ya bei ya uzuri mtakaokwenda kuupiga picha. Basi msifungashe kila kitu kutoka nyumbani. Nunueni ndizi zake na mihogo yake, na msimpunguzie bei kana kwamba mko mnadani.

Mwisho, siku. Wengi watapendekeza Jumapili kwa sababu shule na kazi zimefungwa. Nendeni Jumamosi. Mkianza kushuka saa 7 mchana mtakuwa Ifakara kabla ya giza na Lupiro muda wa chakula cha usiku, na kwaya, kama sikosei, bado ina zamu ya Misa ya kwanza.