Neno la Kiingereza na Mwenziwe

Mtoto wa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966, ana lugha mbili kabla ya kufungua kitabu cha Kiingereza. Sokoni husema Kiswahili, darasani husoma kwa Kifaransa. Kiingereza hukikuta katika shule ya sekondari. Wala si somo la mtihani tu: barabara itokayo Likasi na kupita Lubumbashi hufika mpakani Kasumbalesa, na ng'ambo ni Zambia, ambako Kiingereza ni lugha rasmi. Asiyekijua sawasawa aweza kutia sahihi hati asiyoielewa.

Twaona wanafunzi wakijaza daftari orodha ndefu za maneno. Usiku huzikariri, asubuhi zimeruka kama ndege. Kwa nini? Neno lililo peke yake halina wa kulishika mkono. Yafaa tujifunze neno pamoja na mwenziwe.

Tutazame vitenzi "lend" na "borrow", ambavyo wengi huvichanganya. Kiswahili husema "kuazima" kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea pia. Lakini katika fedha twatofautisha: apokeaye hukopa, atoaye hukopesha. Basi "borrow" ni kukopa, na "lend" ni kukopesha. Mfanyabiashara akivigeuza katika barua yake, mdeni amekuwa mdai! Hali kadhalika "learn" na "teach". Neno la Kifaransa "apprendre" laweza kubeba maana zote mbili, bali Kiswahili hutenga kujifunza na kufundisha. Hapo lugha ya nyumbani ndiyo taa.

Maneno ya kinyume nayo yataka uangalifu. Kinyume cha "hard" ni nini? Tukisema juu ya mkate, ni "soft", yaani laini. Tukisema juu ya hesabu, ni "easy", yaani rahisi. Kinyume cha "old" kwa mtu ni "young", kwa nguo ni "new". Basi tusiulize kinyume cha neno kabla ya kuuliza: katika sentensi ipi?

Na misemo je? Sisi twapiga picha, wala hatuipigi kwa fimbo. Mwingereza huichukua, husema "take". Naye akisema mtu amemwaga maharagwe, "spill the beans", usitafute ufagio: mtu huyo ametoa siri. Msemo hushikwa mzima, haukatwi vipande.

Basi, mwanafunzi, chukua maneno matano kwa siku. Kila neno uliandikie mwenziwe, kinyume chake, na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wazazi, msiseme, "Sisi hatukijui Kiingereza, tutamsaidiaje mtoto?" Mwulizeni jioni: "Neno hilo ni kukopa au kukopesha?" Akiweza kuwajibu kwa Kiswahili safi, jueni kwamba neno limekwisha kuwa lake.