Usinunue Amplifaya kwa Wati za Kwenye Boksi

Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli Avenue, Nairobi, mnunuzi wa amplifaya huuliza kwanza wati, na muuzaji humwonyesha boksi. Fedha nyingi hupotelea hapo, maana wati za mashine mbili hazilinganishiki mpaka ujue zilipimwaje. Risiva moja ya sebuleni yaweza kuandikiwa wati 150 kwa kupimwa chaneli moja tu, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, kwenye spika ya omu 6, sauti ikiruhusiwa kuchafuka kwa asilimia 10. Ipime hiyohiyo chaneli mbili kwa pamoja, omu 8, kuanzia besi ya hezi 20 hadi mlio mwembamba wa hezi 20,000, sauti ikiwa safi, nayo yaweza kutoa 80. Mtu anayesikiliza muziki atumie hesabu hii ya pili.

Marekani iliweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya tangu 1974, na 2024 ikaikaza: omu 8, hezi 20 hadi 20,000, uchafu chini ya asilimia 1. Sabufa nyingi za kwetu huuzwa kwa PMPO, kipimo ambacho kila kiwanda hukikokotoa kipendavyo. Mbele utasoma 8,000. Geuza mashine, kibandiko cha nyuma kinasema inakula wati 60 za umeme. Mtetezi wa PMPO atasema ngoma inapolia, umeme uliohifadhiwa ndani hutoka kwa mkupuo. Ni kweli, na kibandiko hakionyeshi kila mara kiwango cha juu kabisa, lakini pengo kubwa namna hiyo halizibwi na mkupuo wowote.

Wapo wanaosema wati nyingi ni akiba, hata zisipotumika. Kwa ukumbi wa harusi nakubali. Sebuleni, kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili sauti isikike kubwa maradufu unahitaji nguvu ya karibu mara kumi. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati 1, badala ya inayotoa 87, inakupa nyongeza ileile bila kugusa amplifaya, kwa hiyo fedha ya ziada iende kwenye spika. Wengine huamini sikio lao dukani, na wana haki, ila mashine iliyofunguliwa sauti zaidi karibu kila mara huonekana bora. Omba mashine mbili unazolinganisha zipigiwe wimbo mmoja, kwa spika zilezile, kwa sauti iliyo sawa.

Anayetumiwa risiva na ndugu aliyeko Marekani aangalie pia volti: ya 120 itaungua kwenye umeme wetu wa 230 au 240 bila transfoma. Na kabla hujalipa, mwulize muuzaji wati za RMS, yaani za kudumu na si za mkupuo, kwa kila chaneli, chaneli mbili zikifanya kazi, kwenye omu 8. Asipokuwa na jibu, soma kitabu cha maelezo cha mashine hiyo kwanza.